Leseni ya udereva ya shemeji Mwaborijini hapa New South Wales, Australia: anzeni na cheti cha kuzaliwa

Mliooa au kuolewa huku kwa Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, mnajua, ukiwa na leseni kamili na gari zima, wewe ndiye dereva wa ukoo mzima. Nimetoka kumsindikiza shemeji, mdogo wake mke wangu, hapa Wagga Wagga. Wao ni Wawiradjuri, moja ya jamii za Waaborijini, nchi hii ni yao tangu enzi na enzi, ila kuthibitisha kwamba alizaliwa humu ilikuwa shughuli.

Mtihani wa nadharia usiwatishe. Maswali 45, kwenye kompyuta, kuanzia miaka 16. Jifunze, fanya, pokea kibao cha L, cha dereva mwanafunzi.

Shida iko kabla ya hapo, kwenye cheti. Hospitali hutoa taarifa kwamba mtoto kazaliwa, lakini kumsajili ni juu ya wazazi, kwa fomu yao. Kwa Waaborijini wengi fomu hiyo haikurudi. Msiseme uzembe: hadi 1969 jimbo hili lilikuwa na bodi ya serikali iliyowachukua watoto wao. Bibi aliyeyaona hayo hana hamu ya kuiandikia serikali kwamba nyumbani kuna mjukuu mpya.

Kwa hiyo ulizeni kwanza kwa msajili wa vizazi kama jina lipo. Kama halipo, ombeni mapema barua ya hospitali alikozaliwa. Shirika la Pathfinders huwasaidia Waaborijini kwa vyeti hivi. Watafuteni kabla hamjachoka, sio baada.

Cheti kikija, kaeni mezani mlinganishe majina herufi kwa herufi. Shule ilimwandika shemeji kwa ukoo wa bibi aliyemlea, cheti kina ukoo wa baba, kadi ya benki imekula herufi moja. Dada wa dirishani, kwenye ofisi ya leseni, alizipanga karatasi zetu tatu kama za watu watatu, akatabasamu vizuri kabisa, akatuambia turudi zikishafanana. Huku hata ukifukuzwa unafukuzwa kwa adabu.

Halafu faini. Faini isiyolipwa, hata ya treni, inaweza kukufungia leseni. Kama hela hakuna, ulizeni kuhusu Work and Development Order, kwa kifupi WDO: deni linapunguzwa kwa kozi, matibabu au kazi ya kujitolea, kupitia taasisi iliyoidhinishwa. Litajeni kwa jina hilohilo, maana dirishani hakuna atakayewakumbusha.

Sasa saa za mazoezi. Aliye chini ya miaka 25 anatakiwa saa 120, 20 kati yake za usiku, na pembeni akae mwenye leseni kamili. Binamu mwenye P, yaani leseni ya muda ya dereva mpya, hata ya kijani ambayo ni hatua ya pili, hafai. Kuna nyumba nyingi ambazo mtu huyo hayupo kabisa, ndiyo maana vijana wengine wanasubiri tu wafike 25, au wanaendesha bila leseni na kuongeza faini juu ya faini. Jimbo lina Driver Licensing Access Program, mpango wa kuwasaidia watu kama hao kupata leseni. Ulizeni nani anaiendesha mjini kwenu. Saa moja na mwalimu wa udereva huhesabiwa tatu, mwisho saa 10 za mwalimu, yaani 30 kwenye daftari la mazoezi. Ukiwa na hela ya kuchanga kwenye familia, ichange hapo.

Za usiku zifanyeni Juni na Julai, jua linapozama mnamo saa kumi na moja jioni. Mkianza Desemba, jua linapochelewa kuzama, mtakesha. Ila mwendo uwe wa pole nje ya mji, kangaruu nao hutoka saa hizohizo.