SOMO: Kufua nguo zenye tope zito kwa sabuni isiyoharibu mto (wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, na wenye mashamba someni hapa kwanza)

Wadau habari za masika. Naiandika hii leo ikae hapa, maana tangu mvua zianze kila siku napata meseji tatu nne zinazouliza kitu kilekile, "dada ile sabuni yako haitoi tope, nimeongeza nusu chupa na bado". Mimi nafua nguo za wagumu na magaidi (ndivyo tunavyowaita waongoza wageni wa mlima) wanaoshuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka, hapa Moshi, huu mwaka wa sita, na sabuni hii inatoa tope vizuri sana ukiipa muda. Wengi mnaipa dakika tano halafu mnailaumu.

Sabuni ninayosema ni ile ya maji isiyo na fosfeti, isiyo na klorini, harufu kidogo au haina kabisa, soma nyuma ya chupa. Usipoipata, sabuni ya mche ya kawaida ikwangue kwenye maji ya moto iyeyuke, nayo inafanya kazi. Kwa nini nasisitiza fosfeti: ni mbolea ile, ikiingia kwenye maji inakuza mwani mpaka samaki wanakosa hewa. Na maji yetu hayapotelei hapahapa, mito ya Karanga na Weruweru inaingia mto Kikuletwa, Kikuletwa unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kuna watu wanavua kule.

Hatua ya 1. Acha tope likauke. Anika nguo kama ilivyo, usiguse.

Hatua ya 2. Likikauka kung'uta kwa nguvu, kisha burashi kavu. Hapa tu karibu nusu ya tope imeshaondoka bila tone la maji.

Hatua ya 3. Suuza kwa maji ya baridi bila sabuni, badilisha maji mpaka yaache kuwa kama uji wa ulezi. Ukiweka sabuni mapema inahangaika na udongo uliojaa kwenye beseni badala ya ulioshika kwenye uzi.

Hatua ya 4. KULOWEKA, na hapa naomba usome taratibu. Ndoo ya lita 10, maji ya uvuguvugu, vijiko viwili vikubwa vya sabuni, basi. Loweka saa mbili, nguo za msituni zenye lile tope jeusi ziache usiku mzima ila asubuhi zitoke, ukizisahau mpaka jioni zinanuka. Nyeupe ziwe na ndoo yake. Na USIWEKE BLICHI YA KLORINI kwenye nguo yenye udongo mwekundu. Mwaka wangu wa kwanza nililetewa fulana nyeupe 12 za timu nzima, gari lao lilikuwa limekwama njia ya Umbwe wakalisukuma, zimejaa tope jekundu kifuani mpaka mgongoni, na wageni wao wanafika kesho yake. Nikaogopa kuchelewa, nikaruka kukausha, nikaruka kusuuza, nikamwaga blichi moja kwa moja. Zilitoka na madoa ya njano iliyoiva kama chai na hayakutoka tena, nikalipa fulana sita kwa hela yangu na yule gaidi hakurudi kwangu msimu ule wote. Baadaye ndio nikaelewa, wekundu wa udongo wetu ni kutu ya chuma, na klorini haiondoi kutu, inaweza hata kuifanya ing'ang'anie zaidi. Doa la namna hiyo kwenye nguo nyeupe ya pamba linataka asidi ndogo: kamulia ndimu, weka chumvi kidogo, acha nusu saa juani, suuza sana. Jaribu kwanza kwenye pindo. Nguo ya rangi usiifanyie hivyo, itapauka. Na ndimu au siki visikutane KABISA na blichi, vinatoa hewa ya sumu, bafu letu dogo lile unaweza kuanguka humohumo.

Hatua ya 5. Fikicha. Penye doa gumu paka sabuni ya mche, sugua na burashi laini kwa upande wa ndani, ili udongo usukumwe utoke badala ya kuingia zaidi.

Hatua ya 6. Suuza mara mbili, kamua, anika. Nyeupe juani, za rangi kivulini. Kagua doa kabla hujapiga pasi, pasi ya moto inalikaza.

Maswali karibuni.

mgumu_pasua: dada mi nina mashine nikitupia tu moja kwa moja si inafanya yote?
— Hapana. Hatua ya 1 mpaka ya 3 kwa mkono ndio uweke kwenye mashine. Udongo ukituama kwenye bomba la kutolea maji fundi atakula hela yako.

chipukizi88: na blichi kidogo tu je, kifuniko kimoja
— Hatua ya 4. Nimeandika aya nzima.

mzeewasakina: Hizi sabuni za mazingira ni biashara tu, haina hata povu, utajuaje imesafisha
— Mzee wangu shikamoo. Povu sio usafi. Mimi nafua nguo za watu waliokaa siku saba mlimani, wanalipa na wanarudi, ningekuwa nafua kwa maneno wangeshanikimbia. Ukiongeza sabuni upate povu haisuuziki yote, nguo inakakamaa na inashika vumbi upesi zaidi. Jaribu vijiko viwili na saa mbili, ndoo moja tu, kisha uniambie.

mama_kibosho: Asante kwa somo. Mimi nina migomba nyuma ya nyumba, hayo maji ya sabuni naweza kumwagia au nitaiua?
— Mwagia mama, swali zuri sana hili. Maji ya hatua ya 3 mwaga popote, huo ni udongo unarudi nyumbani. Yenye sabuni mwaga kwenye udongo kuzunguka mgomba, leo huu kesho mwingine, yasimwagwe shina moja kila siku. Usimwagie mchicha wala chochote kinacholiwa kibichi. Ya sabuni ya unga ya kawaida sikushauri, nyingi zina chumvichumvi nyingi, ardhi inashikana. Na usiyahifadhi zaidi ya siku moja. Halafu kama mfongo (mfereji wa maji ya mashamba) unapita karibu na kwako, usifulie pale hata kwa sabuni hii, wa chini yenu wanachota. Kwa mto, sheria ya mazingira ya 2004 inataja mita 60 kutoka ukingoni, mimi ndio kipimo changu hicho hata kwa beseni.

mama_kibosho: sikujua hiyo ya mchicha, nilikuwa namwagia huko huko jamani
— Hamna shida, hamisha tu.

gaidi_mdogo: koti la mvua nalo naloweka usiku?
— Hapana, nusu saa inatosha. Na lisipate dauni wala kilainishi chochote, kinaua ule uwezo wa maji kuteleza. Suuza mara tatu. Kama lebo inaruhusu pasi, likikauka piga pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa, utaona matone yanaanza kuteleza tena.

chipukizi88: sasa buti zangu zimejaa tope mpaka ndani, nazo niloweke?
— Usiloweke buti! Toa soli ya ndani, burashi, futa na kitambaa chenye maji.

fundi_kiboriloni: Naongezea hapo kwa dogo, jaza magazeti ndani yanyonye maji, badilisha kila baada ya saa chache, na usiweke karibu na jiko la mkaa, gundi inaachia. Nimeshona nyingi za hivyo wiki hii.
— Aisee asante fundi. Dogo umesikia, magazeti, mbali na jiko.

chipukizi88: nimeshaziweka jikoni
— Zitoe sasa hivi.