Msalaba wa Chuma wa 1914: jinsi ya kutambua halisi na bandia

Usonara nilifundishwa Tanga na baba mdogo, na sasa nafanya kazi hiyohiyo Hamburg. Huku masoko ya vitu vya kale hayakosi meza ya nishani za vita. Mwaka wangu wa pili nilinunua Msalaba wa Chuma, nishani ya kijeshi ya Ujerumani, kwa sababu muuzaji aliniambia ni wa babu yake, aliyepigana Tanga Novemba 1914 chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki. Niliposikia jina la mji wetu nikatoa pesa bila kukagua. Nilipofika nyumbani nikausogezea sumaku, ikateleza. Iliniuma sana, maana kazi yangu ni madini. Utaratibu ninaoufuata tangu siku ile ndio huu.

Andaa lenzi ya sonara inayokuza mara kumi, sumaku ndogo, rula, na ile taa ya madukani ya kukagulia noti bandia.

Hatua ya 1: Isome nishani yenyewe

Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prusia alianzisha nishani hii mwaka 1813, na mchoro wake ni wa Karl Friedrich Schinkel. Ikarudishwa 1870, 1914 na 1939. Ule wa 1914 una taji juu, herufi W katikati na mwaka chini. Nyuma kuna taji, herufi FW, majani ya mwaloni na 1813. Wengi wanaoanza huona 1813 wakadhani wameokota lulu. Huo ni mwaka wa kuanzishwa tu. Hapa nazungumzia daraja la pili, linaloning'inia kwenye utepe. Daraja la kwanza lina pini nyuma.

Ule wa 1939 una swastika, alama ya Wanazi, na Ujerumani sheria inakataza kuionyesha hadharani, ndiyo maana mezani utaikuta imefunikwa kwa kibandiko. Tena mwaka 1957 Ujerumani Magharibi iliruhusu wapiganaji wa zamani kuvaa nishani zao bila alama hiyo, zikatengenezwa upya zikiwa na majani ya mwaloni mahali pake. Hizo si bandia, lakini si za wakati wa vita, na hupaswi kuzilipia bei ya za vita.

Hatua ya 2: Sumaku na rula

Kiini cha msalaba ni chuma kilichopakwa rangi nyeusi, kwa hiyo sumaku inapaswa kunata. Upana ni karibu milimita 42. Ila usitoe hukumu hapa: zipo halali zenye kiini cha madini mengine, na zipo bandia za chuma.

Hatua ya 3: Ukingo na lehemu

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwingine kote, nawe ukae. Msalaba halisi wa kawaida una vipande vitatu: kiini cha chuma, na fremu ya fedha yenye nusu mbili, ya mbele na ya nyuma, zilizokibana kiini katikati kisha zikaungwa kwa lehemu. Usimamishe kwa ubavu chini ya mwanga mkali. Tafuta mstari mwembamba unaozunguka ubavu wote, pale nusu mbili zilipokutana. Fundi hodari aliupiga tupa hadi ukalainika, lakini kwenye pembe za ndani, pale mkono mmoja wa msalaba unapokutana na mwingine, tupa haiingii vizuri. Huko mstari hubaki. Huko ndiko fundi wa zamani anakoonekana.

Sasa geuza, utazame mpaka kati ya weusi na fedha. Kwenye halisi kuna mwanya halisi, mwembamba kama unywele, kwa sababu ni vitu viwili tofauti vinavyogusana. Bandia nyingi zimesubiwa kipande kimoja, halafu weusi ukapakwa kwa brashi hadi ukingoni. Utaona rangi imepanda juu ya fremu mahali fulani na kupungukiwa pengine. Zitazame pia tarakimu za mwaka. Zilizogongwa kwa muhuri wa chuma zina kingo kali. Zilizosubiwa zimelegea, kama maandishi ya sabuni iliyoogewa wiki nzima, na kandokando utaona vitundu vya mviringo vilivyoachwa na hewa wakati madini yakimiminwa. Ule msalaba wangu wa kwanza ulikuwa na vitundu vinne karibu na tarakimu 9 pekee.

Hatua ya 4: Uchakavu

Rangi hulika penye miinuko: taji, W, tarakimu. Ukikuta mikwaruzo imejaa mabondeni na miinuko iko salama, mtu ametumia msasa. Kutu ya kweli huanzia chini ya rangi, ikaivimbisha na kuibandua. Kutu ya kupaka ina rangi moja kila mahali na huachia kidole rangi ya machungwa.

Hatua ya 5: Pete

Kwenye pete ya utepe mara nyingi kuna muhuri mdogo wa mtengenezaji, kama KO au S-W, au 800 ya kiwango cha fedha. Wapo halali wasio na muhuri wowote, na waghushi nao wanajua kugonga mihuri. Usiitegemee sana.

Hatua ya 6: Utepe

Wa waliopigana ni mweusi wenye mistari miwili myeupe. Wa wasiopigana ni mweupe wenye mistari miwili myeusi. Umulike kwa taa ya noti gizani. Ukiwaka buluu, una dawa ya kung'arisha nguo iliyoenea baada ya Vita vya Pili. Msalaba wenyewe huenda ni halali, kwani utepe hubadilishwa, lakini anza kupima upya kwa makini.

Hatua ya 7: Hadithi

Misalaba ya daraja la pili ilitolewa bila jina la aliyepewa. Anayekuambia "huu ulikuwa Tanga" akuonyeshe hati ya kutunukiwa au kitabu cha askari. Asipokuwa nayo, lipia chuma na fedha, hadithi ibaki kwake.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akatumika upande wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza akiwa mtoto, baadaye akafundisha Kiswahili Berlin. Aliomba Msalaba wa Heshima wa wapiganaji, ulioanzishwa 1934, akanyimwa. Aliuvaa hivyo hivyo, na yaelekea aliununua kwa muuza vifaa vya kijeshi. Alifia katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Msalaba wa aina ile, wa chuma kilichopakwa rangi ya shaba, ungenata sumaku vizuri kabisa. Hati ya kumtunuku haikuandikwa, ingawa vitani alikuwepo.