Kabla Hujaahirisha kwa Kiingereza

Unataka kuwaambia watu kwa barua pepe kwamba kikao cha Jumatano hakipo. Kwa Kiswahili ni maneno mawili tu, kikao kimeahirishwa, na kila mtu anaendelea na shughuli zake. Kwa Kiingereza vitenzi vinajipanga foleni, na kila kimoja kinatoa ahadi yake. Kabla hujatuma, jiulize mambo machache.

Kwanza, jambo hilo litarudi? Mwaka 2020 corona ilitupa mifano mizuri kuliko kitabu chochote cha sarufi. Olimpiki ya Tokyo ilikuwa "postponed": tangazo lilitoka Machi 24, michezo ikafanyika Julai na Agosti 2021. Wimbledon ya mwaka huo ilikuwa "cancelled", ikafutwa, na hakuna aliyekuja kuilipa baadaye. Ligi Kuu ya England ilikuwa "suspended", kwa kuwa ilishafika mbali: mpira ulisimama Machi, ukarudi Juni 17 kumalizia mechi zilizobaki.

Hapo ndipo linapozaliwa swali la pili: kimeshaanza au bado? "Postpone" ni ya kitu ambacho hakijaanza. Kikao kikishafunguliwa, kisha mkakubaliana mkiendeleze siku nyingine, hicho ni "adjourn", neno la mahakamani na bungeni lililotoka kwenye Kifaransa cha kale likibeba ndani yake neno "siku". Usidhani ni mapambo. Septemba 2019 majaji 11 wa Mahakama ya Juu ya Uingereza walibatilisha hatua ya kufunga kikao cha Bunge, ambayo wenyewe huiita "prorogue". Wabunge waliporudi, kumbukumbu zilisahihishwa zisomeke kwamba Bunge lilikuwa "adjourned" tu.

Kwetu anayeponza ni "kusitisha". Tunasitisha mapigano, tunasitisha huduma ya maji kwa saa sita, tunasitisha mkataba, yote kwa kitenzi kimoja. Kwa Kiingereza mkataba ulio "suspended" umelala, ulio "terminated" umekufa. Kama unaandika barua kwa niaba ya mtu mwingine, bosi wako kwa mfano, muulize kabisa anakusudia kipi. Usikisie.

Lakini mtego mkubwa kuliko yote ni mwelekeo. Sisi tukisema mtihani umesogezwa mbele, mwanafunzi anashukuru Mungu, kapata siku zaidi za kusoma. Mwingereza kitu hicho hicho anakiita "pushed back", kimesukumwa nyuma. Na "brought forward", ambayo sikio letu lingeipokea kama kuletwa mbele, maana yake ni kuwahishwa. Niliwahi kuandika kwamba kikao cha Jumatano kimekuwa "moved forward by two days", kichwani nikiwa na Ijumaa. Jumatatu asubuhi wageni wawili walikuwa wamekaa mtandaoni wakinisubiri, mimi niko kwenye daladala nimeshikilia bomba. Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba hata wenye lugha yao hawaelewani hapa: ukiwaambia hivyo, wengine husikia Jumatatu, wengine Ijumaa. Tangu siku ile naandika siku na tarehe, "to Friday 14 March", na mbele na nyuma nimewaachia wao. Ukifanya kazi Muscat au Dubai na wenzako kutoka India utakutana pia na "prepone", kinyume cha "postpone". Ni neno zuri, linaeleweka, ila kwa mtu wa London huenda ukalazimika kulieleza.

Kisha angalia kinachofuata baada ya kitenzi. "Ku-" yetu hutuvuta kwenye "to", na kwa "stop" hilo ni kosa la hatari. "Niliacha kunywa dawa" ni "I stopped taking the medicine". Ukimwambia daktari "I stopped to take the medicine", amesikia kwamba ulisimama kidogo, ukanywa dawa, ukaendelea na safari yako. Yeye ataandika kwamba dawa unakunywa vizuri. "Postpone", "delay" na "put off" nazo hufuatwa na "-ing". Hiyo "put off" itazame mara mbili: mkutano ukiwa "put off" umeahirishwa, lakini mtu akiwa "put off" amechukizwa au amekatishwa tamaa. Na kwenye simu, "hang on" ni subiri kidogo, "hang up" ni kata. Kineno kimoja kikibadilika, na mteja ameondoka.

La mwisho ni nani atasoma. Kuna kitenzi "table" ambacho Mwingereza akikitumia anaileta hoja mezani ijadiliwe, na Mmarekani akikitumia anaiweka kando isijadiliwe. Churchill alisimulia jinsi maofisa wa nchi hizo mbili, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walivyobishana kwa muda mrefu juu ya waraka mmoja, kumbe wote walikuwa wanataka kitu kimoja. Kama kwenye orodha yako ya wapokeaji yuko mmoja wa London na mwingine wa Chicago, andika tu "we will discuss it on Tuesday" au "we will not discuss it on Tuesday".