Pasaka kwa Wamormoni hapa Mwanza: jinsi ya kuja na usitoke unashangaa

Kila Pasaka ikikaribia naulizwa swali lile lile, hivi nyie Wamormoni Pasaka mnasherehekea kweli, mbona hatuwaoni barabarani na matawi wala hamna mkesha? Tunasherehekea jamani. Ila ukija na picha ya kanisa ulilokulia utakaa pale unasubiri ibada ichangamke na kumbe ndo inaisha hivyo. Mi nimekulia kwenye ngoma na mkesha mpaka alfajiri, Pasaka yangu ya kwanza huku nilirudi nyumbani nikamwambia mama "leo nadhani walikuwa na msiba". Kwaiyo haya namwandikia anayekuja mara ya kwanza, au yule aliyebatizwa juzi juzi alafu rais wa tawi, yaani kiongozi wa kundi letu la hapa, kamdaka mlangoni, dada tusaidie kupanga Pasaka.

Jina kwanza. Kanisa linaitwa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na 2018 Russell M. Nelson aliyekuwa rais wa kanisa aliomba watu waache lile la mkato. Ukisema Mormoni hakuna atakayekununia, wazee watakurekebisha taratibu tu.

Sasa maandalizi, na hapa ndo wengi wanakosea: Pasaka yetu inaandaliwa Jumamosi. Jumapili tunajizuia kununua na kuuza, kwaiyo sato wako, mchele, mkaa, nyanya, hata chenji ya daladala, malizana navyo Jumamosi kabla giza halijaingia. Mwaka mmoja nilijisemea aah samaki nitapitia nikitoka ibadani, natoka niko na dada mmoja wa tawini tunaongea mambo ya ufufuo, tunapita pale kwa mama anakaanga sato wananukia mpaka unasikia njaa kwenye magoti, na yule mama ananijua anaita "mteja wangu leo hutaki?" Nikaangalia mbele kama siye mimi. Tulikula mchicha.

Na kama umepewa zamu ya mkate wa sakramenti, ule unaomegwa na kugawiwa ibadani, huo nao ni wa Jumamosi, ufiche juu ya kabati watoto wasiufikie. Mkate wa kawaida tu wa dukani unatosha, haihitajiki kitu maalum kwa sababu ya Pasaka.

Jumapili yenyewe vaa nadhifu, basi. Wanaume wengi wanavaa shati jeupe na tai, akina mama gauni au sketi, kitenge kinakubalika kabisa. Fika dakika kumi kabla maana daladala za Jumapili asubuhi hazina haraka, zinajaza abiria mpaka konda aridhike. Mlangoni utasalimiwa, kwetu kuna mzee mmoja habari ya asubuhi hana, yeye ni "mwangaluka" ya Kisukuma kwa kila mtu, hata wale wamisionari vijana wa Kimarekani wameshajua kuitikia. Utaitwa Ndugu fulani au Dada fulani.

Ukikaa angalia mbele: hamna msalaba. Hilo linawashtua wengi, hasa siku ya Pasaka. Hatuukatai msalaba wala kilichotokea pale, ila tunasema mkazo wetu ni Kristo aliye hai. Hamna majoho, na hamna mchungaji wa kulipwa, rais wa tawi wiki nzima yuko kwenye shughuli zake kama wewe.

Jumapili za kawaida ibada inachukua muda wa saa mbili, mkutano wa sakramenti alafu madarasa, utaratibu huo ulianza 2019. Lakini tangu 2023 Jumapili ya Pasaka ni mkutano wa sakramenti peke yake, wa muda wa saa moja, alafu watu wanarudi kuendelea na familia nyumbani. Saa moja! Kwaiyo ukichelewa nusu saa ujue umekosa Pasaka nusu.

Kitovu ni sakramenti. Makuhani wetu ni vijana kuanzia mwaka wanaotimiza miaka kumi na sita kwenda juu, wanamega mkate vipande vidogo huku watu wanaimba, alafu mmoja anapiga magoti na kusoma sala. Maneno yake yamepangwa, yako kwenye Kitabu cha Mormoni, maandiko yetu mengine pamoja na Biblia, sehemu ya Moroni 4 na 5, na yanatakiwa yatoke yalivyo. Pasaka moja kijana alirudia mara tatu, sauti inatetemeka, kila akiruka neno anamtazama rais wa tawi na rais anamwashiria kwa kichwa, rudia mwanangu. Hakuna aliyecheka. Mi binafsi ndo ibada niliyoikumbuka kuliko zote. Baada ya mkate yanakuja maji, ndiyo, maji siyo divai, kwenye vikombe vidogo sana. Sakramenti ni ya waumini lakini mgeni hazuiliwi, usipotaka pitisha sinia kwa jirani yaishe. Na usitafute noti mfukoni, kapu la sadaka halipiti.

Zikiisha hapo ni hotuba za waumini wenyewe, masomo ya ufufuo, nyimbo, na mara nyingi watoto wanaimba. Hakuna makofi wala vigelegele, mkono ukikuwasha ukalie. Kama ndo wewe unapanga, usijaze wahutubiaji wanne, weka wawili na nyimbo nyingi, na kila kitu mwonyeshe rais wa tawi mapema. Kinanda usikitegemee sana, kwetu umeme ulikatika beti ya pili, dada anayeongoza akaendelea kupiga mkono hewani tukaimba kavu kavu, ikawa nzuri kuliko mazoezi.

Jumapili ya Matawi usitegemee maandamano, sisi matawi yetu ni yale ya kukaa ndani na kuwa na rais, hehe. Ijumaa Kuu pia mara nyingi ni ya nyumbani, familia inasoma na kuomba. Kwaresima kama utaratibu wa kanisa hatuna.

Angalia pia kalenda, mkutano mkuu wa kanisa lote unafanyika wikiendi ya kwanza ya Aprili kutoka Salt Lake City, Marekani, na kuna miaka unaangukia Pasaka, kama 2018 na 2021. Kikao cha Jumapili asubuhi kule huku kinaanza saa moja usiku, cha mchana ni saa tano usiku, kwaiyo chaji simu na nunua bando Jumamosi hiyo hiyo, na muulize rais wa tawi sakramenti imepangwa lini.

Nyumbani jioni, baada ya kusoma Injili, wengi tunasoma 3 Nefi 11 kwenye Kitabu cha Mormoni, pale Kristo mfufuka anawatokea watu wa Amerika ya kale na wanapita mmoja mmoja kugusa alama za misumari. Wape watoto wasome kwa zamu. Na ukialika watu wa tawini kula, majani ya chai na kahawa weka pembeni, hawanywi, chemsha mchaichai na tangawizi, sukari wajiwekee wenyewe.