Kupiga picha za mishipa ya damu bila katheta (mrija mrefu unaopitishwa ndani ya ateri) kabla ya kupasua uvimbe wa mfupa

Hatua ya 1: Muulize mpasuaji atakata wapi na pengo ataliziba kwa kitu gani. Akipanga kuchukua mfupa wa fibula (ule mwembamba wa upande wa nje, chini ya goti), piga picha hadi kwenye wayo wa mguu utakaotoa mfupa. Kuna watu ambao wayo wao unalishwa hasa na ateri (mshipa unaopeleka damu) ya fibula, na ikiondoka mguu unakosa damu.

Hatua ya 2: Chagua mashine. CT (eksirei inayopiga mwili vipande vipande) ni ya haraka. MRI (mashine ya sumaku) haina mionzi, kwa hiyo kwa watoto na vijana, ambao ndio hupata sana osteosakoma (saratani ya mfupa), naanza nayo. Angalia figo. eGFR (kipimo cha uwezo wa figo kuchuja damu) ikiwa chini ya 30, jadili na daktari kabla ya kontrasti (dawa inayofanya mishipa ionekane kwenye picha) yoyote.

Hatua ya 3 (CT): Weka kanula (kamrija ka kuingizia dawa) ya geji 18 au 20 kwenye mshipa wa kiwiko, uvimbe ukiwa mkononi, tumia mkono wa pili. Mimi hutumia kontrasti mililita 80 hadi 100 kwa kasi ya mililita 4 kwa sekunde, kisha maji ya chumvi mililita 40. Acha mashine ianze yenyewe kontrasti ikifika kwenye ateri unayoilenga. Unene wa vipande vya picha usizidi milimita 1. Kwa mguu, piga tena baada ya dakika 2 hadi 3 ili kuona vena (mishipa inayorudisha damu moyoni).

Hatua ya 4: Soma picha, na hapa ndipo wengi tunateleza. Ile picha ya rangi inayozungushwa kwenye skrini inapendeza mno, lakini kompyuta inapofuta mfupa huweza kufuta na ateri iliyougusa, nawe ukadhani imeziba. Rudi kwenye vipande vya mkato, kimoja kimoja. Je, tabaka la mafuta kati ya uvimbe na mshipa bado lipo? Kama halipo, uvimbe umeuzunguka mshipa chini ya nusu ya mduara wake, au zaidi? Mshipa uliosukumwa tu kando mara nyingi huokolewa. Uliomezwa huenda ukakatwa na kuungwa upya. Tafuta pia damu iliyoganda au uvimbe ndani ya vena.

Uvimbe ukinywa damu nyingi, kama ule uliosambaa kutoka kwenye figo, mpigie mpasuaji simu siku hiyohiyo. Huenda mishipa inayoulisha ikahitaji kuzibwa siku 1 hadi 3 kabla ya upasuaji.

Hatua ya 5: Andika mguso wa uvimbe na mshipa unaanzia na kuishia sentimita ngapi kutoka kwenye kiungo, mfano goti. "Karibu na mshipa" haimsaidii aliyeshika kisu.