Jinsi ya Kupima Ombi la Parole Bila Kuhukumu Upya

Kabla ya kupima ombi la parole, yaani ombi la mfungwa kuachiliwa kwa masharti kabla adhabu yake haijaisha, soma kwanza hukumu, kwa kuwa kwa mfungwa wa maisha nchini Uingereza na Wales, kwa mfano, jaji ndiye anayepanga muda wa chini wa kutumikia adhabu, na bodi ya parole, inayoamua kama aachiliwe, hubakiwa na swali la usalama wa umma. Muda huo ukiisha, usiipime adhabu tena. Huko ni kumhukumu mtu mara mbili.

Chunguza mwenendo wa mfungwa: aliyezoea kupigana alifanya nini alipochokozwa mara ya mwisho, na akitoka atalala wapi? Kama kosa lilikuwa mauaji, uchungu wa wafiwa usikilizwe kwa heshima kubwa, hasa unaposaidia kuweka masharti ya kumwachilia, kama vile kumkataza asikanyage mtaa wao.