Jinsi ya Kusaka Nyimbo Kali Zilizododa

Wimbo mzuri ukidoda, mara nyingi kasoro haimo ndani ya wimbo. Imo kwenye usambazaji, kwenye mkataba, kwenye upande wa santuri uliochaguliwa kuchezwa redioni, au kwenye wakati ulipotolewa. Ndiyo maana anayezisaka nyimbo hizi kwa majina ya wasanii huambulia chache, na anayezisaka kwa sababu zilizoziangusha huvuna nyingi: tatizo lililouzika wimbo mmoja kwa kawaida limezika na nyingine za lebo (kampuni ya kurekodi) ile ile, mwaka ule ule.

Hakikisha kweli ulidoda

Wengi hukosea kwa kutazama chati ya nchi moja. “Waterloo Sunset” ya The Kinks (1967) haikuingia kabisa kwenye Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya Marekani inayotolewa na jarida la Billboard, lakini Uingereza ilifika namba 2. “River Deep – Mountain High” ya Ike na Tina Turner (1966) iliishia namba 88 Marekani. Uingereza ikapanda hadi namba 3. Albamu ya Rodriguez, Cold Fact (1970), haikuuzika kwao Marekani, huku Afrika Kusini ikipendwa kwa miaka mingi bila mwenyewe kujua.

Jambo la pili ni kanuni za chati zenyewe, na hapa hata wazoefu huteleza. Kabla ya Desemba 1998, wimbo ambao haukuuzwa kama singo, yaani peke yake nje ya albamu, haukuruhusiwa kuingia Hot 100, hata ungechezwa redioni asubuhi hadi usiku. “Don’t Speak” ya No Doubt ilikaa wiki 16 kileleni mwa chati ya redio ya Marekani bila kuonekana kwenye Hot 100. Ukisoma chati bila kuijua kanuni hiyo, utauita mdodo wimbo uliochezwa mpaka watu wakaukariri. Kadhalika, hadi karibu na mwisho wa 1969 Billboard ilihesabu pande mbili za santuri kila mmoja peke yake, kisha ikaanza kuziunganisha. Namba za kabla na baada ya hapo huwezi kuzilinganisha moja kwa moja.

Weka kipimo kabla hujaanza, na usikibadilishe katikati. Kinachofaa ni hiki: wimbo usiwe umeingia 40 bora katika nchi yoyote ulikotolewa rasmi, ndani ya miaka miwili tangu utoke. Ile miwili ina kazi yake, maana baadhi ya nyimbo zilikuja kufufuka baadaye, na hizo ndizo zinazokuonyesha mahali pa kuchimba.

Chimba chini ya chati

Anza na mkia. Hot 100 ilizinduliwa Agosti 1958, na kuanzia 1959 Billboard ikaongeza Bubbling Under, orodha ya nyimbo zilizokuwa zinagonga mlango bila kuingia. Magazeti hayo ya zamani yamepigwa picha na yanasomeka bure kwenye Google Books na World Radio History.

Chukua wiki moja, tuseme ya 1966. Ziache 40 za juu. Andika zote kuanzia 70 hadi 100 pamoja na zile za Bubbling Under, halafu fuatilia kila wimbo kwa wiki tatu zinazofuata. Ule uliopanda kwa kasi kisha ukatoweka ghafla ndio wa kusikiliza kwanza. Kuna waliokuwa wanautaka, kisha kitu kikaukatiza: santuri ziliisha madukani na lebo haikuchapa nyingine, au lebo ilihamishia nguvu zake kwenye singo iliyokuwa inauzika zaidi. Uliokaa namba 95 wiki mbili ukaanguka taratibu, mara nyingi ulipewa nafasi yake na wasikilizaji wakaukataa.

Geuza santuri

Upande B, yaani upande wa nyuma wa singo, ndio mgodi mkubwa kuliko yote, na unastahili muda wako mwingi.

Itazame “God Only Knows” ya The Beach Boys. Marekani, mwaka 1966, iliwekwa nyuma ya “Wouldn’t It Be Nice”. Upande wa mbele ulifika namba 8, wa nyuma ukaishia namba 39. Uingereza walizitoa nyimbo hizo hizo mbili, ila wakazigeuza: “God Only Knows” mbele, ikafika namba 2. Waimbaji ni wale wale na sauti ni ile ile. Kilichobadilika ni upande ambao mtangazaji aliambiwa aucheze.

Kwa hiyo fungua ukurasa wa msanii kwenye Discogs, tovuti inayoorodhesha matoleo ya santuri, chuja zibaki singo tu, zipange kwa mwaka, kisha linganisha matoleo ya nchi mbili au tatu. Tafuta vitu viwili: pande zilizobadilishana nafasi kutoka nchi moja hadi nyingine, na upande B ambao haukuwekwa kwenye albamu yoyote ya wakati ule. Huo wa pili ulipata nafasi moja tu ya kusikika, na nafasi hiyo ilikuwa nyuma ya wimbo mwingine.

Jiandae kutupa vingi. Mtunzi wa upande B alilipwa mirabaha sawa na wa upande A kwa kila santuri iliyouzwa, kwa hiyo baadhi ya watayarishaji walijaza nyuma ala tupu au wimbo wao wenyewe uliopigwa harakaharaka mwishoni mwa kipindi cha studio. Ukiona jina la mtunzi wa upande B ni la mtayarishaji peke yake, na wimbo hauna maneno, usitarajie makubwa.

Lakini palipo na dhahabu, ipo kweli. Gloria Jones alitoa “Tainted Love” mwaka 1965 ikiwa upande B, ikapita bila kelele. Soft Cell wakairudia 1981 na kushika namba 1 Uingereza. Kilichouvusha wimbo katika miaka hiyo yote ni kumbi za kaskazini mwa Uingereza, ambako vijana walicheza usiku kucha muziki wa soul wa Marekani ambao Marekani kwenyewe haukuuzika. Wigan Casino, iliyofanya kazi kuanzia 1973 hadi 1981, ndiyo maarufu kuliko zote. Orodha za nyimbo zilizopigwa katika kumbi hizo zipo mtandaoni, na zimechujwa na watu ambao kipimo chao kilikuwa kimoja: je, sakafu inajaa? Tahadhari moja: madijei walikuwa wakifunika karatasi ya jina iliyobandikwa katikati ya santuri adimu na kuzipa majina ya uongo ili wapinzani wasizipate. Jina unalolikuta kwenye kanda ya zamani ya ukumbi lihakiki kwanza.

Fuata ajali za kibiashara

Big Star walitoa albamu yao ya kwanza, #1 Record, mwaka 1972. Wahakiki waliisifu sana. Shida ni kwamba Stax, waliokuwa na jukumu la kuisambaza, hawakuweza kuifikisha madukani, na mtu aliyesoma sifa zile akaenda kununua alirudi mikono mitupu. Ukigundua ajali ya namna hii usiishie kwa msanii mmoja. Tafuta kila kilichotolewa kupitia msambazaji huyo katika miezi 12 kabla na baada. Wote walikuwa kwenye mtumbwi huo huo.

Lebo kukataa kazi yake yenyewe ni alama nyingine. Columbia waligoma kuitoa Marekani albamu ya Leonard Cohen ya 1984, Various Positions, ambayo ndani yake mlikuwa na “Hallelujah”. John Cale aliurudia wimbo huo 1991, Jeff Buckley 1994, na baada ya hapo karibu kila mwimbaji akautaka. Hilo linakupa njia nzuri ya mkato: wimbo usio na namba kwenye chati lakini uliorudiwa na wanamuziki watano au zaidi, wa mitindo tofauti, chukulia kwamba una kitu. Tovuti ya SecondHandSongs huorodhesha marudio ya nyimbo; panga kwa idadi, kisha linganisha na chati.

Wakati mwingine bendi hufa kabla ya wimbo wake. The Zombies walikuwa wameshatengana albamu yao Odessey and Oracle ilipotoka 1968. Singo yao “Care of Cell 44” haikwenda popote, na hadi leo ni miongoni mwa nyimbo zinazostahili zaidi kuwa kwenye orodha ya aina hii. “Time of the Season”, ya albamu hiyo hiyo, ilifika namba 3 Marekani mwaka 1969, wakati hapakuwa na bendi ya kupanda jukwaani kuiimba. Wimbo mmoja wa albamu ukichelewa kuvuma, rudi usikilize iliyobaki yote.

Kuna na zile zilizosubiri chombo kingine. “Plastic Love” ya Mariya Takeuchi ilitolewa kama singo Japani mwaka 1985 ikaishia namba 86 kwenye chati ya Oricon. Zaidi ya miaka 30 baadaye, YouTube ilianza kuipendekeza kwa wasikilizaji wa dunia nzima wasiojua neno la Kijapani. Mapendekezo ya mitambo hiyo yanasaidia, ila hukuzungusha palepale baada ya nyimbo kumi hivi. Ukiona majina yanajirudia, funga na urudi kwenye Discogs.

Usichanganye kudoda na kutosikika nje. Nyimbo za Addis Ababa za miaka ya 1960 na 1970 zilizokusanywa katika mfululizo wa Éthiopiques, ulioanza 1997, zina wapenzi wapya Ulaya na Marekani, lakini nyingi zilivuma kwao. Kuziita zilizosahaulika ni kuwadhulumu waliozicheza.

Jaribio la masikio

Ugumu wa kupatikana si ubora. Santuri ya Frank Wilson ya 1965, “Do I Love You (Indeed I Do)”, iliondolewa kabla haijasambazwa, na nakala moja iliuzwa 2009 kwa zaidi ya pauni 25,000. Kwa bahati wimbo wenyewe ni moto. Santuri nyingi zenye bei kubwa si hivyo.

Sikiliza kila wimbo mara tatu. Mara ya kwanza bila kusoma historia yake, maana kisa cha kusikitisha hulainisha masikio. Mara ya pili kesho yake. Kabla hujaucheza, jaribu kuuimba kiitikio. Kama hukikumbuki, andika hivyo. Mara ya tatu ucheze sambamba na kibao kilichotamba wiki ile ile: uanze huo, kisha kibao, kisha huo tena.

Katika jaribio la tatu sawazisha sauti. Tofauti ya desibeli 1 au 2 inatosha kufanya wimbo wenye sauti kubwa uonekane bora, na vibao maarufu vimesafishwa upya na kuongezwa sauti mara kadhaa, wakati uliododa huenda umenakiliwa kutoka santuri iliyochakaa. Washa kipengele cha kusawazisha sauti kwenye programu unayotumia, au punguza kwa mkono mpaka sauti ya mwimbaji iwe sawa katika nyimbo zote mbili. Andika pia sekunde: mwimbaji anaingia saa ngapi, kiitikio saa ngapi. Ukikuta kiitikio kinafika baada ya dakika moja na nusu katika singo ya 1965, huenda umeshajua kwa nini watangazaji waliukataa wimbo.

Hakikisha toleo ni lenyewe

Wasanii wengi walirekodi upya nyimbo zao kwa lebo nyingine miaka mingi baadaye, na toleo hilo la pili ndilo linalojaa kwenye huduma za kusikiliza. Sauti ya mwimbaji huwa nzito zaidi, ngoma safi kupita kiasi, na ule msisimko haupo. Ukimpa mtu toleo hilo, atakuona huna masikio.

Angalia jina la lebo kabla ya mwaka, kwa sababu mwaka unaoonyeshwa mara nyingi ni wa kutolewa upya. Linganisha ISRC, ile namba ya herufi na tarakimu, jumla 12, ambayo kila rekodi hupewa yake. Pima urefu: wimbo wa dakika 3:00 uliopandishwa YouTube kwa kasi iliyozidi asilimia 4 utaisha kwenye 2:53, na sauti itakuwa juu kuliko ilivyoimbwa. Muda ulioandikwa kwenye karatasi ya katikati ya santuri nao usiuamini peke yake. Mtayarishaji Phil Spector alichapisha 3:05 kwenye “You’ve Lost That Lovin’ Feelin’” (1964), wimbo wa dakika 3:45 hivi, ili watangazaji wasiuogope. Ukiweza kupata picha ya santuri, soma namba zilizochongwa kwenye sehemu laini karibu na karatasi hiyo. Hizo ndizo zinazotofautisha chapa moja na nyingine. Kwa nyimbo za miaka ya 1960 tafuta kwanza mchanganyo wa mono (sauti ya njia moja) wa singo, kwani ndio uliotengenezwa kwa redio, na wa stirio (njia mbili) mara nyingi ulifanywa baadaye kwa haraka.

Kuzipanga na kuzipeleka kwa watu

Nyimbo 20 zinatosha, kama dakika 60. Zisizidi mbili za msanii mmoja. Tanguliza ule ambao kiitikio chake kinafika mapema, na usifuatanishe nyimbo mbili za taratibu ndani ya tano za mwanzo. Kwa kila wimbo andika mwaka, lebo, namba ya katalogi (ile ambayo lebo huipa santuri), mtunzi, nafasi ya juu uliyofika, na sababu ya kudoda kwa sentensi moja. Usipoipata sababu, acha wazi.

Maelezo hayo yaweke kwenye jedwali lako, nje ya huduma ya kusikiliza. Haki zikihama kutoka kampuni moja hadi nyingine, wimbo hufutika kwenye orodha na wakati mwingine hata jina lake huwezi kulisoma tena. Ukiwa na ISRC na namba ya katalogi utaupata ukirudi chini ya kampuni mpya. Rafiki mtumie wimbo mmoja, si ishirini, pamoja na ile sentensi ya sababu. Kama wimbo hauna toleo halali popote, uache kwenye jedwali na namba yake ya katalogi, ili mwenye santuri yenyewe aweze kuihakiki.